Mpwa wangu, wimbo kwanza, kamera baadaye

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Nimesikia unataka kutengeneza filamu ya nyimbo: nyepesi, ya mapenzi, ya ufukweni, na mwimbaji wenu ndiye nyota. Nimefurahi mno. Kabla hujakodi kamera, itafute Blue Hawaii ya Elvis Presley, ya mwaka 1961. Itazame mara ya kwanza kwa raha zako, mara ya pili ukiwa na daftari.

Andika kila wimbo unaanza dakika ya ngapi. Utahesabu nyimbo 14 ndani ya dakika kama 100, na nyingi hazifiki hata dakika 3. Ule wa kucheza mchangani, Slicin' Sand, haufiki 2. Wepesi wa filamu ile umejengwa hapo: wimbo unaondoka mtazamaji bado anautaka. Ukiingiza mzima ule wimbo wenu wa redio wa dakika 4 na nusu, hadithi itakaa chini kuusubiri.

Kisha rudia Can't Help Falling in Love. Kijana amemletea bibi wa mchumba wake kasha la muziki. Kasha linaanza kulia, sauti nyembamba, na kijana anaipokea kwa kuimba taratibu kana kwamba ameombwa. Vyombo vingine vinaingia sikio likiwa limeshazoea. Mpe mwimbaji wako mlango kama huo: redio ya duka, mtu anayetwanga, ngoma ya nyumba ya pili, kitu kinacholia ndani ya tukio lenyewe. Maongezi yakikatika na bendi nzima ikalipuka papo hapo, mtazamaji anashtuka, na aliyeshtuka hawezi tena kuguswa.

Sasa kazi. Nyimbo za filamu ile zilirekodiwa kwanza, Machi 1961, siku 3, studio ya Radio Recorders kule Hollywood. Elvis akaenda Hawaii kuigiza juu ya sauti iliyokwisha kutengenezwa. Nanyi fanyeni hivyo. Mwambie prodyuza asifute pumzi za mwimbaji. Kwenye redio zinakera, lakini kwenye picha ya karibu mtu akiinua kifua bila pumzi kusikika, uongo unaonekana mara moja. Mwanzoni mwa faili aweke milio mitatu, pi, pi, pi, kwa mwendo wa biti, yaani mapigo, za wimbo wenyewe, ili wote waingie pamoja kwenye ya nne.

Faili hilo likishatoka, ni moja tu, uwanjani na kwa mhariri. Prodyuza akikutumia miksi mpya aliyoichangamsha kidogo, kutoka biti 98 hadi 100 kwa dakika, wimbo wa dakika 3 utawahi kuisha kwa zaidi ya sekunde 3, na midomo mliyokwisha kuipiga picha haitaoana nao tena.

Kamera ziwekeni zote fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde. Simu zina tabia ya kupandisha na kushusha fremu zenyewe kufuata mwanga. Tumia programu inayozifunga, la sivyo midomo itaanza sawa na wimbo na kumaliza nyuma yake.

Spika ya kupigia wimbo huo uwanjani ndiyo inayowaangusha wengi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kwa fremu 25, kila mita 14 ni fremu moja. Ukiiweka spika miguuni pa kamera na mwimbaji yuko mita 28 mbele, anausikia wimbo ukiwa umechelewa fremu 2, anaimba akiwa amechelewa, na mhariri akioanisha kwa sauti ya kamera atakuta mdomo unakokota. Isogeze hadi iwe mita 3 tu kutoka kwa mwimbaji, nje ya picha, na kipaza sauti kidogo cha kumwongoza mhariri kikae hapohapo. Tumia waya. Spika za Bluetooth husinzia zikikaa kimya, na zikiamka hula mlio wa kwanza. Ukichanganya moja ya waya na moja ya Bluetooth, ambayo huchelewesha sauti, wachezaji wa kushoto na wa kulia watapishana miguu.

Mwimbaji aimbe kweli, kwa sauti yake yote, kila teki, yaani kila mnaporudia kupiga. Plebeki, yaani kuigiza juu ya wimbo uliorekodiwa, ikiwa ya midomo mitupu inajulikana shingoni: mishipa imelala, koo halipandi, macho yanatafuta neno linalofuata. Hata aliyeutunga wimbo mwenyewe husahau mahali alipovuta neno studioni, kwa hiyo apewe faili wiki nzima kabla, alale nalo masikioni.

Jambo moja Hawaii haitakufundisha. Kule maji hupanda na kushuka chini ya mita 1, mchanga wa asubuhi ndio wa mchana. Kwetu pwani, wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti hufika kama mita 4, na ndani ya saa 6 uwanja wenu wa kuchezea unakuwa bahari. Picha ya pana ukiipiga maji yametoka, na ya karibu ukaipiga yamejaa, hakuna mhariri wa kuziunganisha. Angalia mwezi kabla ya kupanga tarehe. Chagua siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo, anza na picha ya pana ya wachezaji wote, kisha songa karibu. Picha za uso zibaki za mwisho, maana zinaweza kupigwa hata mkiwa mmesukumwa hadi chini ya minazi.

Na kabla hamjakusanya vyombo, nyamazisha watu wote kwa dakika 2, zima na jenereta, urekodi mawimbi peke yake mahali palepale alipoimbia. Mawimbi hayo yatandike chini ya wimbo kuanzia neno la mwisho la maongezi. Sauti ya studio ni kavu, haina mahali. Bila hayo, mwimbaji ataonekana yuko ufukweni na kusikika yuko chumbani.

Mjomba wako