Lakabu ya Msomali si tusi

Mhariri,

Gazeti likimtaja Msomali kwa lakabu, wasomaji wengi hudhani amekebehiwa. Wamekosea. Jina la Kisomali ni mnyororo: lako, la baba, la babu. Jina la ukoo halimo, na mke hachukui la mume. Wakiwa akina Mohamed Ahmed Ali watano mtaa mmoja, utawatofautishaje? Ndiyo kazi ya naanays, yaani lakabu kwa Kisomali: Dheere ni mrefu, Gaab mfupi, Timacadde mwenye nywele nyeupe. Marais nao hawakusazwa. Siad Barre alikuwa Afweyne, yaani mdomo mkubwa (hilo alisemwa kisogoni!), na Mohamed Abdullahi Mohamed ni Farmaajo, kutoka neno la Kiitaliano la jibini.

Wanaopinga mitandaoni hutaja Suratul Hujurat, aya ya 11, inayokataza kuitana kwa lakabu mbaya. Hoja nzito hiyo. Kipimo ni mwenyewe: akijitambulisha nayo, iandikeni; akiikwepa, iacheni.

Halafu tahajia. Katika maandishi rasmi ya Kisomali ya herufi za Kilatini, ya tangu 1972, c ni herufi ain ya Kiarabu na x ni h ya kooni. Xasan ni Hassan tu.

Msomaji,
Eastleigh, Nairobi