Malalamiko kuhusu waridi la njano lisilonukia

Njiro, Arusha
14 Januari 2026

Meneja Mauzo,
Kitalu cha Miche ya Maua,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: MCHE WA WARIDI ULIOUZWA KWA LEBO ISIYO YAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi 2023 nilinunua kitaluni kwenu mche mmoja wa waridi linalopanda, kwa shilingi 45,000. Risiti ya EFD ninayo, nakala yake nimeiambatisha. Lebo ya plastiki iliyofungwa kwenye shina ilisema mche ule ni Graham Thomas: maua ya njano iliyokolea, harufu nzuri, urefu mita 3, unachanua mfululizo. Mche uliokua nyumbani kwangu sio huo. Nadai haki yangu kama mnunuzi, na nawaomba mkague miche mingine ya kundi lile kabla haijaingia kwenye nyumba za watu wengine.

Nianze na maneno niliyomwambia mhudumu wenu siku ile, maana hapo ndipo penye kiini cha shauri hili. Naishi na mama yangu mzazi. Glakoma imemfikisha mahali ambapo anaona mwanga na vivuli tu, na rangi ya njano huibaini ikiwa imekaa juani. Dirisha la chumba chake linafungukia ua wa nyuma, mita 4 kwa 5, uliozungushiwa ukuta wa bloki. Nilisema wazi: nataka waridi la njano, linukie kabla ya jambo lingine lolote, na lisije likazidi ukuta ule. Mhudumu alinisikiliza vizuri, akaenda mwenyewe kwenye mstari wa miche, akarudi na huo. Nililipa kwa kuamini lebo yenu na neno lake.

Sifa za Graham Thomas nilikuwa nazijua. Ni waridi la David Austin wa Uingereza, lilitoka mwaka 1983 likapewa jina la Graham Stuart Thomas, bingwa wa mawaridi ya zamani, na mwaka 2009 shirikisho la vyama vya mawaridi duniani lililitangaza kuwa waridi linalopendwa zaidi. Kwao kwenye baridi mara nyingi hubaki kichaka. Kwenye joto hurefuka likapanda, lakini huishia kwenye mita 3 au zaidi kidogo. Ua lake ni la mviringo wa kikombe, limejaa petali, na harufu yake inakaribia ile ya majani ya chai. Uwanja mdogo wa nyuma wenye ukuta hauna upepo mwingi, kwa hiyo asubuhi jua likishapasha bloki, harufu hutulia palepale. Ndiyo sababu nilimlipa fundi wa kuchomelea shilingi 120,000 anitengenezee fremu ya nondo chini ya dirisha la mama, nikachimba shimo kubwa na kulijaza samadi iliyooza vizuri.

Kadi ya matunzo mliyonipa pamoja na mche iliagiza kupogoa kwa nguvu kila Julai. Nilifuata. Mwaka 2023 halikutoka ua, na 2024 pia halikutoka. Kilichotoka ni matawi marefu, laini, yasiyo na mwiba hata mmoja, ambayo yaliruka fremu, yakapita ukuta, yakajaa kwenye gata la jirani hadi mvua za vuli zikawa zinamwagika barazani kwake. Jirani yangu ni mtu mwema na hakunigombeza, lakini gata lililazimika kufunguliwa na kurudishwa, na gharama hiyo, shilingi 60,000, nimeilipa mimi. Julai 2025 hatukupogoa kwa sababu matawi yalishafika kwenye mabati na kijana wa kazi aliogopa kupanda huko.

Septemba, ndipo maua yakaja. Yalikuwa vishada vya maua madogo ya njano hafifu, kila moja halizidi upana wa sarafu, yakafunguka kwa pamoja na baada ya wiki chache yakapukutika yote. Mpaka leo halijatoka lingine. Nilimkatia mama kishada nikampa mkononi. Alikinusa, akakigeuza, akakinusa tena, kisha akaniuliza kama nimempa maua au majani. Swali lile liliniuma, na ndilo lililonifanya niuchunguze mche huu kipande kwa kipande.

Huo ni mche wa waridi la aina nyingine, Banksia ya njano, ambayo wataalamu huiita Rosa banksiae Lutea. Mtaalamu wenu yeyote anaweza kuthibitisha bila maabara. Matawi hayana miiba. Jani moja lina vijani vitatu hadi vitano, vyembamba. Na muangalie hasa pale kikonyo cha jani kinapoungana na tawi. Kwenye mawaridi karibu yote, Graham Thomas likiwamo, kuna vipande viwili vya kijani vilivyoshikamana na kikonyo, na havibanduki mpaka jani lenyewe lidondoke. Kwenye mche wangu vipande hivyo ni vyembamba kama uzi, havikushikamana na kikonyo, na jani likishakomaa huwa vimekwisha anguka. Picha nilizoambatisha zinaonyesha jani changa na jani lililokomaa, yote mawili ya tawi moja.

Sisemi Banksia ni ua baya. Hili la njano lilipelekwa Uingereza kutoka China mwaka 1824, na watu wenye viwanja vikubwa wanalipenda. Lakini linataka nafasi. Kule Tombstone, jimbo la Arizona nchini Marekani, kuna Banksia moja nyeupe iliyopandwa mwaka 1885, ambayo leo kivuli chake kinafunika zaidi ya mita za mraba 700. Mimi nina mita za mraba 20. Tena Banksia huchanua mara moja kwa mwaka, na maua yake hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita na kurudi nyuma. Maana yake ni kwamba ile kadi yenu ilinielekeza nikate kila Julai matawi yaleyale ambayo yangeleta maua. Lebo ilipokosewa, na matunzo yote yaliyofuata yakakosewa. Kuhusu harufu, yenye harufu ya kusifiwa ni ile nyeupe; ya njano harufu yake ni ndogo mno, na mama yangu amethibitisha hilo kwa pua yake.

Nilipokuja ofisini kwenu Oktoba nikiwa na tawi na picha, nilipewa majibu mawili ambayo siwezi kuyakubali.

La kwanza, kwamba mawaridi ya njano hayanukii. Huenda aliyenijibu alikuwa anafikiria maua ya kukatwa yanayolimwa kwenye mashamba ya hapa Arusha kwa ajili ya kusafirishwa Ulaya. Mengi ya hayo yamechaguliwa ili yadumu siku nyingi kwenye chombo cha maji, na harufu ikaachwa nyuma. Mawaridi ya bustani ni habari nyingine. Maréchal Niel, la mwaka 1864, ni la njano na lilipata umaarufu kwa harufu yake. Lady Hillingdon linalopanda, la njano inayoelekea rangi ya chungwa, lipo tangu 1917 na bado linapandwa kwa sababu hiyohiyo. Anayeuza mawaridi anapaswa kulijua hili kabla ya mteja.

La pili, kwamba chini ya risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo yanamhusu mteja aliyebadili mawazo. Mimi sijabadili mawazo. Nilichokinunua sijakipata. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayoyataka na kutegemea ujuzi wake, bidhaa ifae kwa matumizi hayo. Mimi nilieleza. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Siwatuhumu kwamba mlikusudia. Naamini lebo zilichanganywa kitaluni. Hata hivyo, madhara yako kwangu, na wa kurekebisha ni ninyi.

Naomba mnirudishie shilingi 45,000 za mche na shilingi 60,000 za gata la jirani. Fremu siidai, bado ni nzima na itatumika. Naomba pia mtume mafundi wenu wauondoe mche huu pamoja na mizizi yake, kwa uangalifu, maana umekaa sentimita chache tu kutoka kwenye msingi wa ukuta. Ukiweza kuhamishiwa kwenye kiwanja kikubwa, shule au kanisa, nitafurahi kuona unaishi, lakini kwangu hauwezi kubaki.

Kama mnalo Graham Thomas la kweli, au waridi lingine la njano linalopanda na kunukia bila kuzidi mita 3, niko tayari kulinunua kwenu tena kwa bei yake. Sharti langu ni moja: mche uwe na ua lililofunguka siku ya kununua. Mama atakuja mwenyewe kitaluni alinuse kabla sijalipa.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, ili shimo liwe tayari kabla ya masika kuanza. Muda huo ukipita bila jibu, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani (FCC) pamoja na vielelezo vyote.

Wenu katika biashara,

Mteja wenu, Njiro

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD, lebo ya mche na kadi ya matunzo, picha za majani na maua, risiti ya fundi wa gata.