Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa wa Marekani: bangi ya zamani isiwafungie vijana wetu mlango

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Columbus, Ohio, nikiwa raia wa Marekani na mama wa watoto waliokulia katika Kiswahili. Serikali yako hulipia wanafunzi waende Tanzania kujifunza lugha hii kwa ufadhili wa Boren, kwa sharti kwamba baadaye waitumikie serikali. Huku nyuma, vijana walionyonya lugha hiyo na maziwa ya mama wanaikimbia fomu SF-86, ile inayojazwa na anayeomba kibali cha kushika siri za serikali, kwa sababu waliwahi kuvuta bangi.

Kifungu cha 23 cha fomu hiyo kinauliza habari za dawa za kulevya kwa miaka 7 iliyopita, na kinatamka kwamba dawa iliyokatazwa na serikali kuu inahesabiwa hata pale jimbo lilipoiruhusu, na bangi ni mojawapo. Hapa Ohio wananchi waliipigia kura Novemba 2023. Duka liko barabarani, lina leseni, linalipa kodi. Kijana wa miaka 21 anaonyesha kitambulisho, ananunua, anapewa risiti. Jimbo halina neno naye. Serikali kuu inamhesabu mvunja sheria.

Sasa fomu ikifunguliwa mezani, wakubwa wanashauri: "Andika hapana, mwanangu, nani atajua?" Au: "Achana na kazi hiyo, usitutafutie balaa." Usiwalaumu. Mwaka 2019 idara ya uhamiaji ilitangaza kwamba kutumia bangi, hata katika jimbo linaloiruhusu, kunaweza kumnyima mtu uraia. Mzazi aliyeupata uraia wake kwa hofu hiyo hawezi kuamini kwamba serikali ileile itamsikiliza mwanawe akisema kweli.

Na kumbe itamsikiliza! Desemba 2021 Avril Haines, akiwa kwenye kiti chako, aliziandikia idara kwamba bangi ya zamani ni jambo la kupimwa, lakini peke yake haimkatai mtu. Mwongozo wa kutoa vibali unaotumika tangu 2017 unataka mwombaji atazamwe kwa ujumla wake: alivuta lini, mara ngapi, akiwa na umri gani, na ameacha kweli? Anayeendelea kuvuta hapewi kibali, ndivyo sheria ilivyo, na hilo sibishani nalo. Lakini kijana anayeandika "hapana" ya uongo anajitia katika kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5, ilhali kifungu hichohicho cha 23 kinaahidi kwamba jibu lake la kweli halitatumika kumshtaki. Ahadi hiyo imo katika Kiingereza cha kisheria ambacho hata mimi nilikisoma mara mbili.

Ninaloomba ni hili. Yale ya Desemba 2021 yaandikwe juu ya swali lenyewe, kwa lugha nyepesi. Kila idara itaje muda wake waziwazi, kama FBI ilivyofanya: usiwe umevuta ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuomba. Kijana akiujua muda huo ataacha, atasubiri, ataomba. Tena watume maafisa wako misikitini na makanisani kwetu wayaseme haya mbele ya wazazi, maana kwenye familia zetu fomu hiyo haijazwi na mtu mmoja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama mmoja wa Columbus