Mihadhara ya sera ije kabla ya bajeti, si baada yake

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie mihadhara ya wazi kuhusu sera za nchi, hasa ule uliofanyika hapa Tanga mwezi Julai juu ya uchumi, tabianchi na maisha ya jamii. Waandaaji sitawataja. Sina ugomvi nao, na niliyoyaona pale nimeshayaona kwa wengine pia. Ukumbi ulijaa, wazungumzaji walijua wanachosema, na Kiswahili chao kilieleweka hata kwetu tuliokaa nyuma karibu na mlango. Shida yangu ni tarehe.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo kuna safari ndefu. Mwongozo wa bajeti hutolewa, mitaa na kata hupeleka vipaumbele vyao, wataalamu wa halmashauri hukaa na vikokotoo, madiwani hupitisha, mkoa hupitia, kisha Bunge hukaa Dodoma kuanzia Aprili mpaka Juni, na Waziri wa Fedha husoma hotuba yake. Ukiita watu ukumbini Julai kuwauliza wanaonaje, umewaalika karamuni sufuria zimeshaoshwa. Swali la siku hiyo, liwe zuri namna gani, itabidi lisubiri bajeti ijayo, na hakuna aliyepewa kazi ya kulitunza mpaka wakati huo.

Nitoe mfano. Baada ya wazungumzaji wanne na salamu za viongozi (salamu zilikula muda kuliko mada, lakini hayo tumeyazoea), ilibaki robo saa ya maswali. Akasimama mama mmoja mtu mzima, mkulima wa mwani kutoka upande wa Mkinga. Hakuwa na hotuba. Alisema mwani wao wa aina ya kotonii unakufa, wanaambiwa waupeleke kwenye maji ya kina, na boti hawana. Je, mkopo wa halmashauri unaweza kununua boti? Na nani atawafundisha kuogelea? Mwendesha kikao, kijana muungwana, akamjibu: "Bi mkubwa, swali lako zito sana, ila muda umetutupa mkono." Tukapiga makofi, tukaenda kunywa soda.

Mimi naona lile ndilo lilikuwa swali la siku, kwa kuwa lilibeba mada zote tatu zilizoandikwa kwenye bango.

Kwa asiyejua habari za mwani, pwani yetu hulimwa aina mbili. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri. Spinosamu huvumilia zaidi lakini bei yake ni ya chini. Kilimo hiki cha biashara kilishika Unguja mwaka 1989, kikaja bara baadaye, na wanaokifanya kwa wingi ni wanawake. Mwani hufungwa kwenye kamba zilizokazwa kwa vigingi, mahali ambapo maji ya bamvua yakitoka mtu hutembea kwa miguu. Hapo hapo ndipo maji yanapopata moto jua likikaza. Kotonii haistahimili joto hilo: matawi yanageuka meupe, yanakatika, na mavuno yanachukuliwa na maji. Ushauri wa wataalamu ni kusogea kwenye kina, kwenye ubaridi. Huko lakini huendi kwa miguu. Panataka chombo, nanga, jaketi la kuokolea, na panataka mtu anayejua kuogelea, jambo ambalo wengi wa akina mama hao hawakufundishwa utotoni. Wakibaki na spinosamu wanabaki na bei ya spinosamu, na ada ya shule haishuki kwa sababu mwani umeshuka.

Fedha za kuwasaidia zina mlango wake. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Boti ya kulimia mwani inaingia humo? Kikundi cha wanawake kumi kinaweza kukopa chombo kimoja na injini yake? Mtu wa halmashauri angeweza kujibu kwa dakika mbili, na kama jibu ni hapana, madiwani wangekuwa na muda wa kulitafutia fungu jingine. Lakini hayo ni mazungumzo ya Novemba, wakati makisio ya bajeti bado yanaandikwa.

Nije kwenye bandari, ambako nimefanya kazi za uwakala wa mizigo kwa miaka mingi. Serikali imetumia zaidi ya shilingi bilioni 429 kuiboresha bandari ya Tanga. Zamani kina cha gatini kilikuwa mita 3 tu, meli ikitia nanga nje na mzigo ukiletwa kwa matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea mizigo. Sasa kina kimefika mita 13, gati mbili zina urefu wa mita 450, meli inafunga moja kwa moja. Nani atabisha kwamba ni heri? Mhadhara ulitumia muda mwingi kuisifu, kisha tukapelekwa kwenye Dira ya Taifa ya Maendeleo ya 2050 iliyozinduliwa Julai 2025, yenye lengo la uchumi wa dola trilioni moja na pato la dola 7,000 kwa kila mtu. Sipingi malengo makubwa. Nilichotamani kusikia ni habari za wale waliokuwa wakiishi kwa kazi ya matishari: wameenda wapi, na nani anawapa ujuzi wa mitambo mipya? Na malori yakiongezeka, yatakatiza mtaa gani? Hayo nayo ni uchumi, na yanapangwa sasa.

Bomba la mafuta ghafi nalo lilitajwa kwa sentensi moja. Lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Kilomita 1,147 ziko nchini kwetu, na linaishia Chongoleani, hapa Tanga, ambako jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa mradi huo. Ukiuunga mkono au ukiupinga (mimi nauunga mkono, kwa masharti), inashangaza kwamba mjadala mkali kuhusu bahari ya Chongoleani ufanyike Strasbourg, Ufaransa, na sisi tupewe sentensi moja.

Kisha kuna hatifungani ya kijani, yaani mkopo unaochukuliwa kwa kuwauzia wawekezaji hati, kwa ajili ya miradi ya mazingira. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji ilitoa kwa wawekezaji hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua huduma ya maji na kulinda chanzo chake. Hatifungani hiyo imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na ni ya kwanza ya aina yake kwa mamlaka ya maji nchini. Najivunia hilo. Lakini piga hesabu ya haraka: kabla mtaji haujaanza kurejeshwa, riba peke yake inapita bilioni 7 kwa mwaka. Fedha hizo zinatarajiwa kutoka kwenye mapato ya maji, yaani kwangu na kwako. Sisemi ni ghali wala rahisi. Nasema hiyo ingetosha kuwa mada ya jioni nzima: mkopo huu umenunua nini, mto Zigi, chanzo chetu cha maji, unalindwaje huko juu Amani na Muheza, mkulima anayeombwa asilime kando ya mto anapata nini, na bei ya uniti itakuwaje. Watu wangekuja na bili zao mkononi.

Najua nitajibiwa kwamba vikao vipo. Ni kweli, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, na mitaani nako tunaitana. Ila kwenye vikao hivyo tunazungumza ulinzi, taka na michango, na hayupo wa kutueleza riba ya hatifungani wala joto la bahari. Kwenye mihadhara wataalamu wapo, lakini mwenye kitabu cha makisio hayupo. Wakutanisheni. Katiba, ibara ya 18, imetupa haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yetu, na ibara ya 21 haki ya kushiriki katika maamuzi yanayotuhusu. Mtaalamu anayekuja kwa basi la asubuhi na kuondoka na la jioni (waja leo waondoka leo, tumeshazoea kutaniwa) hawezi kutubebea haki hizo zote mbili.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandaaji wa mwaka huu ni hili: njooni kati ya Oktoba na Desemba. Anzeni na maswali, saa nzima, ndipo mzungumzaji azungumze akiyajibu. Salamu za viongozi ziwe dakika tano zote kwa pamoja. Afisa mipango wa jiji na wenzake wa Mkinga, Muheza na Pangani wakae meza ya mbele. Ukumbi wa hoteli si lazima, viwanja vya Tangamano vinatosha, baada ya Alasiri, jua likiwa limepoa na wauza samaki wamefunga meza. Maswali yaandikwe, na yabandikwe kwenye ofisi za kata pamoja na jina la idara inayopaswa kuyajibu.

Nawe Mhariri, ukikubali, tenga robo ukurasa mwezi Januari uchapishe yale ambayo hayajajibiwa. La kwanza unalo tayari: mkopo wa asilimia 10 unanunua boti ya mwani, au haununui?

Msomaji wako,
Makorora, Tanga