Kamera ya gari pekee haitoshi

Mhariri,

Magari yanayoegeshwa kando ya Barabara ya Lamu hapa Malindi hukwaruzwa kila mara, na aliyegonga huenda zake. Wenye kamera garini hudhani wamesalimika. Kumbe nyingi huzimika injini inapozimwa, mpaka ziungwe na betri. Hata zinazoendelea kurekodi, kadi ikijaa, picha mpya hufuta za zamani. Ukitumia siku nzima kusaka mashahidi huku gari likitembea, ushahidi wako unafutika. Ukiona mlango umebonyea, chomoa kadi papo hapo, nakili video nzima bila kuikata, na kadi yenyewe uitunze.

Sheria ya Trafiki, kifungu cha 73, inamtaka dereva aliyegonga asimame. Asipojitambulisha, apige ripoti polisi ndani ya saa 24. Sheria ya Ushahidi nayo, kifungu cha 106B, inadai rekodi za kielektroniki zinazopelekwa mahakamani ziwe na cheti, yaani maandishi yaliyotiwa saini yanayoeleza rekodi ni ipi na ilivyopatikana.

Nawasihi polisi wetu wapokee video hizi na kuwaeleza wananchi habari ya cheti hicho. Nasi madereva tuache kuzirusha WhatsApp, ambako mwenye gari lililogonga hutukanwa hata kabla ya kuulizwa nani alikuwa usukani.

Mkazi wa Shella,
Malindi