Yale Ambayo Wasifu Haukuyasema

Ndugu yangu mpendwa,

Barua yako ya pole niliipata, nami naishukuru. Kwa kuwa hukuweza kufika mazikoni, uliomba nikutumie wasifu wa marehemu rafiki yetu. Nakala yake imo humu, ila nakuonya mapema kwamba utamtafuta ndani yake mtu tuliyemfahamu na hutamwona. Wasifu huo unataja mwaka aliozaliwa, shule alizosoma na kazi alizofanya hadi alipostaafu, kisha unamalizia kwamba alikuwa "mume mwema na baba mlezi". Yote ni kweli, lakini katika maneno hayo machache ya mwisho ndimo yalimokuwa maisha yake, na msomaji alikuwa ameanza kukunja karatasi.

Wewe ulihama kabla mkewe hajapatwa na kiharusi. Kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, na kama inavyotokea mara nyingi kwa upande huo, mkono na mguu wa kulia vililegea na maneno yakampotea, ingawa kila aliloambiwa alilielewa. Kitinda mimba wao alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Jamaa walishauri watoto wagawanywe, kila mmoja apate ndugu wa kumlea. Nilikuwapo alipowajibu: "Mama yao hajafa." Mjadala ukaishia hapo.

Basi akajifunza. Kwa kuwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza huota vidonda vya kitandani, alitega saa ilie kila baada ya saa mbili usiku kucha, akaamka, akamgeuza, akarudi kwenye godoro lake sakafuni. Alijifunza kusuka nywele za binti yake, kazi ambayo, tusidanganyane, ilimshinda kabisa miezi ya mwanzo. Mtoto alikwenda shule na mistari iliyopinda kama njia ya mbuzi. Muuguzi mmoja alipomweleza kwamba baadhi ya watu waliopoteza usemi kwa kiharusi huweza kuimba maneno wanayoshindwa kuyasema, aliamua kuimba. Wewe unaikumbuka sauti ile! Mtu aliyeombwa kwa heshima zote ajitoe katika kwaya yetu ya shule ndiye aliyekuwa akiimba kila jioni kando ya kitanda, mkewe akimfuatisha neno mojamoja, na mpaka leo sijui kama mama yule alikuwa akiimba naye au akimsahihisha.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mwepesi wa hasira na mzito wa kuomba radhi. Aliwahi kumkaripia mwanawe mkubwa bila kosa, akanuna juma zima, kisha usiku mmoja akaitengeneza baiskeli ya kijana iliyokuwa imeharibika na kuiegemeza mlangoni pake bila kusema neno. Kijana alinisimulia kisa hicho mazikoni, akicheka na kulia kwa pamoja, halafu akaongeza kwamba breki zenyewe hazikushika.

Tulipotoka makaburini, binti yao alinionyesha daftari ambalo baba yake alikuwa akiandika saa za kumgeuza mgonjwa na vipimo vya dawa. Pambizoni aliandika maneno ambayo mkewe aliweza kuyatamka siku hiyo. Juma la kwanza lina neno moja tu, "hapana", nalo limerudiwa kila siku. Mbele zaidi yanakuja majina ya watoto, moja baada ya jingine, kwa miezi mingi. Jina lake yeye lilichelewa kuliko yote, na siku lilipokuja hakuandika chochote zaidi, ila alilipigia mstari mara tatu. Ukurasa wa mwisho aliuandika siku mbili kabla ya kufariki kwake: "Leo amenifokea kwa sentensi nzima. Nifunge dirisha. Nimefunga."

Mama hataki daftari hilo litoke chumbani mwake, kwa hiyo nimenakili kurasa chache kwa mkono, kwa ruhusa yake, na kuzitia katika bahasha hii pamoja na wasifu. Tafadhali, anza na hizo.

Ni mimi rafiki yako wa tangu utotoni.