Vinho Verde ikiwa na vipovu haijaharibika, soma kwanza kabla hujaturudishia chupa

Kila mara tunarudishiwa chupa ya Vinho Verde, mtu anasema imechacha, ukimuuliza umejuaje anasema nimemimina kwenye glasi nikaona vipovu. Wa juzi akasema mbele ya wateja wengine kwamba tunauza mali mbovu, na hilo limetuuma kwa kweli.

Jamani, vile vipovu ndivyo ilivyo. Hii ni waini ya kaskazini magharibi mwa Ureno, pande za Minho, kwenye mvua nyingi ya Atlantiki na udongo wa graniti, eneo lililowekewa mipaka yake kisheria tangu 1908. Zamani ilikuwa inamalizia kuchachuka ndani ya chupa na hewa inabaki humohumo, siku hizi watengenezaji wengi wanaongeza kaboni dioksaidi kidogo wakati wa kujaza. Inatakiwa ikuchomechome ulimi kidogo, kilevi chake kidogo pia, nyingi ziko asilimia 9 mpaka 11 na nusu, na inanyweka ikiwa changa, yaani haijakaa sana tangu itengenezwe.

Sasa hapo kwenye uchanga ndipo watu wanapopigwa. Dada mmoja tulimpigia hesabu ya katoni za send-off, akaona tunamlangua, akaenda kwa mtu anauza karibu nusu bei. Asubuhi ya shughuli anapiga simu sauti inatetemeka. Chupa aliyokuja nayo niliimimina nikaishika glasi juu ya karatasi nyeupe, rangi imekolea kama chai ya rangi iliyopoa, kipovu hata kimoja hakuna, harufu ya tufaha lililokatwa likaachwa mezani, na lebo imepauka upande mmoja kwa jua la dirishani. Hiyo ndiyo iliyoharibika! Akanunua upya kwetu, akawa amelipa mara mbili kwa shughuli moja.

Kwa hiyo angalia mwaka wa mavuno kwenye lebo kabla ya bei, na zile za kawaida nyingi haziandikwi mwaka kabisa, hapo muulize muuzaji mzigo umeingia lini na ulikaa wapi. Sisi tunaleta mzigo mdogo mdogo makusudi, stoo ina AC usiku na mchana na LUKU tunanunua wenyewe, halafu kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT na stempu, ndo maana bei iko pale, hatuibi mtu.

Kingine ni kuionja tumbo tupu halafu unasema kali kama ndimu. Ndiyo ni kali, imeumbwa kukaa na chakula. Kule kwao wanashushia dagaa wakubwa wa kuchoma na pweza, na huku kwetu sijaona waini inayoelewana na pweza wa kuchoma mwenye ndimu na pilipili kuliko hii, kwa sababu kilevi kidogo hakichochei moto wa pilipili. Kwenye vikao vyetu vya kuonja tunakupa funda moja, halafu kachumbari, halafu funda tena, na waini nyingine nyeupe zinapwaya hapo kwa ajili ya ile ndimu, hii inasimama. Kwa pweza na kachumbari chukua yenye zabibu za Loureiro, inanukia maua.

Ila samaki wa kupaka mwenye tui zito ataimeza hiyo nyepesi. Chukua Vinho Verde ya zabibu za Alvarinho kutoka Monção e Melgaço, mpakani na Hispania, ina mwili, yaani ni nzito mdomoni, kilevi asilimia 12 au 13, vipovu huwa hakuna, na yenyewe inaweza kukaa miaka kadhaa. Ni ghali na inastahili. Mpishi mmoja wa hoteli alibishana nami sana kuhusu hili mpaka nilipomwekea zote mbili na sahani moja, sasa hivi anaagiza Alvarinho tu kwa vyakula vya nazi. Nyama choma sahau, chukua nyekundu.

Na friza! Mtu anaitupia humo apate ubaridi wa chapchap, anaisahau, kizibo kinasukumwa juu au chupa inapasuka. Ndoo ya barafu, maji na chumvi kiganja kimoja, dakika 20 tayari, unatafuta nyuzi 8 mpaka 10.

Chupa mbovu kweli tunabadilisha bila maneno, ila ije siku hiyohiyo au kesho yake na waini yake ndani angalau nusu, tuionje pamoja.